Njia mbili za Corosync kwa klasta ya seva tatu

Afisi moja ya Chake Chake ilikuwa na seva tatu kwenye klasta, na swichi ikizimika, klasta yote chini. Haya ndiyo tuliyofanya na fundi wao. Nachukulia Corosync 3, programu inayozifanya seva za klasta ziwasiliane na kujuana nani yuko hai, ishasimama, na njia moja ya mtandao inafanya kazi.

1. Vifaa. Kila seva iwe na kadi mbili za mtandao, kila kadi na swichi yake, kila swichi na UPS (betri ya akiba) yake. Swichi rahisi ya gigabiti inatosha, maana Corosync haili data nyingi. Inachotaka ni ujumbe ufike upesi. Kebo nunua za shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba, na vichwa vyake uvikague mara kwa mara. Hewa ya chumvi ya huku haina huruma.

2. Anwani. Hapa ndipo mchana wetu ulipoishia. Njia zote mbili zilikuwa 192.168.10.x, na amri ya kuonesha hali ya njia, `corosync-cfgtool -s`, ikaonesha zote `connected`. Tukachomoa kebo ya kwanza: zote mbili zikakatika. Tukairudisha, tukachomoa ya pili: mambo shwari, kama vile haina kazi.

Kweli haikuwa na kazi. Linux huchagua kadi ya kutokea kwa kuangalia ujumbe unakwenda wapi. Kadi mbili zikiwa subneti moja (kundi moja la anwani), kila kitu hutokea kadi moja. Basi tenganisha: 10.10.1.0/24 kwa njia ya kwanza, 10.10.2.0/24 kwa ya pili, na hii ya pili usiipe geti (gateway). Kisha kwenye kila seva, uliza njia ya kwenda seva nyingine, si yenyewe; hapa nyingine ni ya .12:

`ip route get 10.10.1.12`
`ip route get 10.10.2.12`

Jina baada ya `dev`, yaani kadi, lazima litofautiane. Likiwa lile lile, tazama maski: ukiandika /16 badala ya /24 umerudi ulikotoka. Na kama kuna ukuta wa moto, kumbuka njia ya kwanza hutumia UDP 5405, ya pili 5406. Wengi hufungua ya kwanza tu.

3. Faili. Kwenye `corosync.conf`, ongeza `ring1_addr` (anwani ya njia ya pili) kwa kila nodi, yaani kila seva, weka `link_mode: passive` (njia moja itumike, nyingine ingoje), pandisha `config_version` kwa moja, kisha `corosync-cfgtool -R` ili isomwe upya. Kwenye Proxmox hariri `/etc/pve/corosync.conf`.

Utaambiwa ufunge kadi kwa bondi, yaani uziunganishe ziwe kama kadi moja. Kwa data, sawa. Kwa Corosync mimi siitaki: `miimon`, kipimo cha bondi, inaangalia kama kebo ina uhai tu, kwa hiyo swichi iliyoganda huku taa zinawaka itaipita. Corosync yenyewe hupima kwa ujumbe unaokwenda na kurudi.

4. Jaribio. Usitumie `ifdown`, hiyo huondoa anwani, na swichi ikifa anwani hubaki. Zima umeme wa swichi ya kwanza, angalia `corosync-quorumtool -s` iseme `Quorate: Yes`, yaani seva za kutosha bado zinaonana. Iwashe, subiri njia irudi `connected` kwenye seva zote tatu, ndipo uizime ya pili.