Kumsaidia mzazi kuweka programu kwenye Linux ukiwa mbali

Kama uko Goma na mama au mjomba wako yuko Bukavu na kompyuta ya Linux Mint au Ubuntu, usimwongoze kwa simu "bonyeza hapa, sasa pale". Mtumie amri yenyewe kwa WhatsApp, aifungue kwenye kompyuta hiyohiyo, ainakili na kuibandika kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Kwa VLC, programu ya kutazama video, ni hii:

sudo apt install vlc

Kubandika ndani ya terminali ni Ctrl+Shift+V. Ctrl+V peke yake haifanyi kazi pale.

Kinachowakatisha tamaa wazee wetu ni neno la siri la kompyuta, ambalo amri hiyo huliuliza. Akiliandika, huenda kisionekane chochote kwenye skrini, au zionekane nyota tu. Mweleze mapema, maana atadhani kompyuta imekwama. Tena kibodi zetu nyingi ni za Kifaransa, AZERTY: tarakimu zinataka ashikilie Maj (yaani Shift), na kwa kuwa haoni anachoandika, kosa hilo hatalijua. Aliandike kwanza kwenye kisanduku cha kutafutia cha menyu, ahakikishe linatoka sawa, kisha alifute. Mpe muda, usimharakishe.

Mega za intaneti zikiwa chache, kwa programu kama hii apt (kile kinachoweka programu katika amri ile) huonyesha ukubwa wa kupakua kisha huuliza kama iendelee. Mwombe akusomee namba hiyo kabla ya kujibu O (yaani Oui, kompyuta ikiwa kwa Kifaransa). Ikiwa kubwa mno, ajibu n. Hakuna kitakachoharibika, na amri ileile itamsubiri kwenye WhatsApp hadi atakaponunua mega.