SOMO: Jinsi ya kumpima mchezaji wa mechi ngumu kwa daftari na kalamu

Kila Jumatatu hapa Mwanza, kuanzia Makoroboi mpaka Igoma, ubishi ni ule ule. Huyu ni mchezaji wa mechi kubwa, yule anafunga timu ndogo tu. Kwenye vibanda umiza vya Mabatini mtu mmoja anaweza kuitwa shujaa na mwoga ndani ya nusu saa, na waliosema hivyo wote wawili wakawa na mfano wa kweli mkononi. Ndiyo maana ubishi hauishi: kila mmoja analeta mechi aliyoikumbuka, na hakuna anayeleta zile alizozisahau.

Njia ninayoielekeza hapa haihitaji kompyuta. Inahitaji daftari, kalamu, na moyo wa kuandika hata yale yanayomuumiza mchezaji unayempenda.

Hatua ya kwanza: kubalianeni mnabishania nini

Mchezaji bora, mchezaji mwenye thamani kubwa kwa timu yake, na mchezaji anayefaa kusajiliwa ni watu watatu tofauti. Wa kwanza unamtazama kwa ufundi. Wa pili unajiuliza timu ingepoteza nini asingekuwepo. Wa tatu unaangalia bei, umri na nafasi iliyo wazi kikosini. Pamba Jiji iliporudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 baada ya zaidi ya miaka 20, haikuhitaji kile kile wanachokihitaji Simba na Yanga. Kwa timu inayopigania kubaki, kipa anayeokoa moja ugenini mkarudi na sare anaweza kuwa na thamani kuliko winga mwenye chenga zote za dunia.

Hatua ya pili: itajeni presha kabla ya kutaja jina

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Tunataja jina kwanza, kisha tunaichonga maana ya "mechi kubwa" ili imtoshe. Akifunga dabi, mechi kubwa ni dabi. Asipofunga dabi, mechi kubwa inageuka kuwa ya kimataifa.

NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, wamelimaliza hilo kwa kuweka mpaka: dakika tano za mwisho, tofauti isizidi pointi tano. Kinachotokea nje ya hapo ni mchezo mzuri lakini hakiingii kwenye hesabu hiyo. Kwa mpira wa miguu mimi natumia mpaka huu: kuanzia dakika ya 75, matokeo yakiwa sare au tofauti ya goli moja. Yote yaliyo ndani ya mpaka huo yanaingia ukurasa wa presha. Mechi ya mtoano naiandika ukurasa wake, dakika zote. Mnaweza kuweka dakika ya 70 au ya 80, haina shida, ila mkishaandika msibadilishe katikati ya msimu.

Hatua ya tatu: lipime goli kwa kulifuta

Hii ndiyo roho ya somo, twende polepole.

Chora safu tano: mechi, dakika, matokeo kabla ya goli, matokeo ya mwisho, na pointi zinazopotea goli likifutwa. Safu ya tano ndiyo inayofanya kazi.

Juni 2023 Saido Ntibazonkiza aliifungia Simba magoli matano Polisi Tanzania ilipolala 6-1. Oktoba mwaka huo huo Stephane Aziz Ki aliifungia Yanga matatu katika ushindi wa 3-2 dhidi ya Azam. Ukiuliza kijiweni, matano ni zaidi ya matatu. Sasa futa. Ondoa goli moja la Saido, lolote: 5-1, pointi tatu zipo. Ondoa manne: 2-1, bado zipo. Ni mpaka uondoe yote matano ndipo inakuwa 1-1 na pointi mbili zinapotea. Kwa Aziz Ki, ondoa moja tu, inakuwa 2-2, pointi mbili zimekwenda. Ondoa yote matatu, Yanga wamefungwa 2-0 na hawana hata moja.

Nisieleweke vibaya. Kufunga matano kwenye mechi moja ya Ligi Kuu ni kazi ya mtu anayejua kufunga, na Saido alimaliza msimu akiwa na 17 sawa na Fiston Mayele wa Yanga, wakagawana ufungaji bora. Hilo halimtoki. Kinachotoka ni ile hoja ya kujumlisha tu magoli kisha kuuliza nani ameibeba timu.

Jambo la pili ambalo kufuta kunalionyesha linahusu saa. Tunayapenda mno magoli ya dakika za lala salama. Machi 2019, Simba na AS Vita ya Kongo pale uwanja wa Taifa, Clatous Chama alifunga dakika ya 90, ikawa 2-1 na Simba wakaingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Sare ingewatoa. Goli lile linasimuliwa mpaka leo, na linastahili. Lakini nani analisimulia goli la Mohammed Hussein "Tshabalala", beki wa kushoto, aliyesawazisha kipindi cha kwanza baada ya Vita kutangulia? Lifute hilo badala ya la Chama: inakuwa 1-1, Simba nje. Magoli yote mawili yana uzito ule ule. Moja lilifungwa uwanja mzima ukiwa umeshika kichwa, jingine mapema, basi tukalisahau. Anayefunga mwishoni anastahili sifa ya utulivu, ambayo ni sifa ya kweli, ila msimwongezee na pointi za mwenzake.

Njia hii ina udhaifu wake, na ni lazima mwanafunzi aujue. Straika wa timu yenye wafungaji wengi ataonekana mwepesi kwa sababu wenzake wanafunga pia, wakati straika wa timu inayoshinda 1-0 kila wiki ataonekana jitu. Kwa hiyo itumieni kuwapima wachezaji wa timu moja, au mchezaji mmoja msimu hadi msimu. Kulinganisha mtu wa Pamba na mtu wa Yanga kwa safu ya tano peke yake ni kumwonea mmoja wao.

Hatua ya nne: andika na alizokosa

Huyo huyo Chama, Aprili 2023 kule Casablanca. Simba walishinda 1-0 nyumbani, Wydad nao wakashinda 1-0 kwao, ikaenda mikwaju ya penalti. Wydad 4-3. Chama alikuwa mmoja wa waliokosa, pamoja na Shomari Kapombe.

Je, Chama ni mtu wa mechi kubwa au siye? Mwenye kuikumbuka Vita atasema ndiye. Mwenye kuikumbuka Casablanca atakataa. Daftari linaandika vyote viwili kwenye ukurasa mmoja na linasubiri mengine.

Kwa penalti kuna hesabu kila shabiki aijue. Kwenye ligi nyingi duniani, penalti zinazoingia ni takriban robo tatu au zaidi kidogo. Chukua mpigaji wa robo tatu, mpigaji mzuri tu wa kawaida, apige nne. Uwezekano wa kuingiza zote nne ni 0.75 × 0.75 × 0.75 × 0.75, kama asilimia 32. Maana yake, asilimia 68 atakosa walau moja, na hajafanya uoga wowote. Halafu ile moja ikiangukia kwenye robo fainali tunamwita mwoga miaka kumi. Hilo linaniuma sana. Mtu amejitolea kuupiga mpira ambao wenzake wengine hawakutaka kuusogelea, na sisi tunamlipa kwa matusi mpaka kwenye simu ya mke wake.

Hatua ya tano: dakika na mazingira

Magoli yagawanye kwa dakika alizocheza, kisha zidisha kwa 90. Anayeingia dakika ya 70 kila mechi hawezi kulinganishwa kwa jumla na anayeanza kila wiki. Andika pia nyumbani au ugenini, na hali ya uwanja. Nyasi za CCM Kirumba baada ya mvua na kapeti (nyasi bandia) la Nyamagana ni michezo miwili tofauti kwa kiungo wa pasi fupi.

Hatua ya sita: wasiofunga

Kipa na beki wanapimwa kwa kufuta vile vile, ila kinyume: ongeza goli alilozuia. Kipa ameokoa la wazi mkiwa 0-0 dakika ya 85 na mechi ikaisha hivyo? Liongeze kwa mpinzani, mmepoteza pointi moja. Andika kwa jina lake. Kwa kiungo mkabaji bado sijaona njia ya daftari inayomtendea haki. Yeye mtazameni kwa macho, watu wawili au watatu, kila mmoja aandike peke yake kabla ya kuongea.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau, Buhongwa: Mkuu, mifano yako inaipendelea Yanga. Mbona humpimi Mayele fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika?

Tumpime. Mei 2023 Dar es Salaam, USM Alger walikuwa mbele 1-0, Mayele akasawazisha dakika ya 82. Dakika chache tu baadaye wakafunga la pili, ikaisha 2-1. Yanga wakaenda Algiers wakashinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shaban. Jumla 2-2, kombe likaenda Algeria kwa goli la ugenini. Futa goli la Mayele: jumla inakuwa 2-1 na kombe linabaki kule kule. Kwa safu ya tano lina sifuri. Lakini kwa sababu yake goli moja tu zaidi kule Algiers lingewapa Yanga kombe, na alimaliza mfungaji bora wa mashindano kwa magoli saba. Ndiyo sababu nawaambia mtoano una ukurasa wake. Pale andika maneno mawili matatu pembeni ya namba, maana namba peke yake itamdhulumu.

Dada, Nansio: Mwalimu, Msuva anaweza kupotea mechi nzima halafu anafunga. Huyo ana thamani au ana bahati?

Dada, tufungue ukurasa wake wa Taifa Stars. Novemba 2024 dhidi ya Guinea pale Benjamin Mkapa, goli lake pekee, 1-0. Kabla ya mechi Guinea walikuwa na pointi 9, sisi 7. Futa goli hilo, hatuendi AFCON. Januari 2024 dhidi ya Zambia alifunga mapema, Patson Daka akasawazisha dakika ya 88, ikawa 1-1. Futa, tumepoteza ile pointi. Kupotea kwake ni jambo la kweli na kocha ana haki ya kulilalamikia. Ila mshambuliaji anayekaa nyuma ya beki dakika 60 akisubiri mpira mmoja, mara nyingi ndiyo kazi aliyopewa. Bahati ningeikubali kama ingekuwa mara moja.

Mwanafunzi, Malimbe: Kaka, goli la Aziz Ki lililokataliwa Pretoria tunaliandika wapi? Mimi naona lilivuka mstari.

Aprili 2024, robo fainali na Mamelodi Sundowns. Mechi zote mbili 0-0, Sundowns wakapita kwa penalti 3-2. Mpira ule uligonga mwamba ukadunda chini, na refa hakulikubali hata baada ya VAR, marudio ya video. Kwenye safu ya matokeo usiliandike, matokeo ni ya refa. Kwenye ukurasa wa mtoano andika shuti lenyewe: ugenini, mtoano, 0-0, mwamba. Unapima alichokifanya mchezaji, na pale alifanya kila kilichokuwa chini ya uwezo wake.

Huyo huyo, Malimbe: Na kwenye basketi dakika tano zinatosha kumjua mtu?

Kule zinatosha zaidi kuliko kwetu. NBA kila timu inacheza mechi 82 za msimu wa kawaida, na kwenye dakika hizo tano mpira unabadilisha mikono mara nyingi. Ndiyo maana waliweza kuanzisha tuzo ya mchezaji bora wa dakika ngumu, aliyeichukua wa kwanza akiwa De'Aaron Fox wa Sacramento msimu wa 2022/23. Ligi Kuu yetu kila timu ina mechi 30, na straika anaweza kupata nafasi tano au sita tu za aina hiyo. Msimu mmoja ni mchache. Subiri miwili, ikiwezekana mitatu, ndipo uanze kumpa mtu jina.

Kocha wa timu ya ndondo, Kisesa: Mwalimu, sisi hatuna video wala mwandishi. Namtumia nani?

Kocha, mtumie mchezaji aliye na kadi au majeruhi wa wiki hiyo. Anaujua mchezo, na yupo uwanjani hata hivyo. Mpe safu nne tu: dakika, nani, tulikuwa ngapi, kimetokea nini. Mwambie aandike na nafasi zilizokosekana kuanzia dakika ya 75, hata zile za rafiki yake. Usimruhusu kuandika "amecheza vizuri". Baada ya mechi kama nane, fungua ukurasa wa presha uone nani anaomba mpira mkiwa sare jioni, awe anafunga au anakosa. Kwenye ndondo nafasi ni chache mno kumjua mfungaji wa kweli, ila anayejitokeza kuomba mpira utamjua. Penalti ya fainali mpe huyo, na ukishampa msimame naye hata akipaisha.