Jinsi ya Kupima Dai la Serikali kwamba Sheria Yake ya Ugaidi Imeagizwa na Umoja wa Mataifa

Serikali inapopeleka bungeni muswada wa kupambana na ugaidi, aghalabu huutetea kwa kusema kwamba inatekeleza tu wajibu wa kimataifa. Dai hilo huweza kuwa la kweli, la kweli nusu au kisingizio kitupu, na njia ya kulipima ni kuutafuta wajibu wenyewe pale ulipoandikwa.

Anza kwa kudai namba, maana hotuba isiyotaja azimio, mwaka na aya haijathibitisha lolote. Likishatajwa, angalia limepitishwa na chombo gani. Mkakati wa Kimataifa wa Kupambana na Ugaidi wa Septemba 2006 ulipitishwa na Baraza Kuu, hivyo uzito wake ni wa kisiasa, si wa kisheria. Maamuzi ya Baraza la Usalama, kwa mujibu wa Kifungu cha 25 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, huzifunga nchi wanachama zote, hata zisizo na kiti humo.

Hatua inayofuata ndiyo yenye kazi, kwa sababu si kila sentensi ya azimio la Baraza la Usalama ni amri. Ruka utangulizi, nenda kwenye aya zenye namba, kisha tazama kila moja inavyoanza. Chukua Azimio namba 1373 la tarehe 28 Septemba 2001. Katika aya ya 1 na ya 2 Baraza "linaamua" kwamba nchi zote zifanye ufadhili wa ugaidi kuwa kosa la jinai, zizuie bila kuchelewa fedha za wanaotenda au kujaribu kutenda ugaidi, ziwanyime hifadhi, na zisaidiane katika upelelezi. Katika aya ya 3 "linatoa wito" tu, na humo ndimo lilimo suala la kujiunga na mikataba ya kimataifa. Waziri anayesema azimio hilo linalazimisha kuridhia mkataba fulani amezidisha chumvi. Anayesema linalazimisha kuzuia fedha za magaidi yuko sahihi.

Azimio hilohilo halikufafanua ugaidi, na pengo hilo limezipa serikali nafasi ya kuingiza humo hata migomo na maandamano. Kipimo kizuri ni aya ya 3 ya Azimio namba 1566 la 2004, inayotaka mambo kadhaa yakutane: kitendo kiwe cha jinai chenye nia ya kuua au kujeruhi vibaya, au kiwe cha kuteka watu; lengo liwe kuutia umma hofu au kuishurutisha serikali au shirika la kimataifa; tena kiwe kosa chini ya mikataba ya kimataifa ya ugaidi. Iweke tafsiri ya muswada kando ya aya hiyo. Ukikuta "kuvuruga huduma" imesimama peke yake, bila nia ya kudhuru mtu, nyongeza hiyo haikutoka huko.

Pambanua pia orodha za watu na vikundi vinavyotajwa kuwa vya kigaidi. Ile iliyoanzia Azimio namba 1267 la 1999, ambayo sasa inahusu Al-Qaida na Dola la Kiislamu, husimamiwa na kamati ya Baraza la Usalama, na tangu 2009 kuna ofisi huru ya kupokea maombi ya kuondolewa. Orodha ya kitaifa, hata ikitajwa kuwa ya 1373, huandaliwa na nchi yenyewe. Hapo uliza aliyeorodheshwa anakwenda mahakama gani, na kwa muda gani.

Masharti yanayobana asasi za kiraia kwa jumla mara nyingi huegemezwa kwenye Pendekezo la 8 la FATF, chombo cha kimataifa kinachoweka viwango vya kuzuia utakatishaji fedha na ufadhili wa ugaidi. Tangu 2016 pendekezo hilo linataka hatua zilingane na hatari, na zilenge asasi zilizo hatarini. Si mkataba, ingawa shinikizo la orodha ya kijivu, yaani ya nchi ambazo FATF inazifuatilia kwa karibu, ni la kweli.

Mwisho, tafuta Azimio namba 1456 la Januari 2003, linalotaka hatua dhidi ya ugaidi ziafiki sheria ya kimataifa, hasa ya haki za binadamu, ya wakimbizi na ya kibinadamu, yaani ile inayolinda watu wakati wa vita. Muswada unaonukuu 1373 na kulinyamazia hili umenukuu nusu. Zifikishe hoja zako kwa maandishi, pamoja na namba za aya, kwa kamati ya bunge inapokusanya maoni ya wadau.