Tangi la maji: liweke juu kiasi gani, na mnara usimame juu ya nini

Maji ya bafuni yakitoka kinyonge, wateja wengi hukimbilia kununua tangi kubwa zaidi. Hela hiyo inapotea bure. Tangi la lita 500 na la lita 5,000, maji yake yakiwa usawa mmoja, yanaipa koki presha ileile. Kinachoamua ni kimo. Kwa hiyo kabla hujamwita mchomeleaji, shika futi kamba na kalkuleta ya simu.

Hatua ya 1: Pima kimo

Pima wima kutoka bomba la mvua hadi kitako cha tangi. Usianzie ardhini, na usiishie kwenye mfuniko, maana unataka kujua utaogaje tangi likikaribia kuisha. Kila mita moja ya maji inaleta presha ya Paskali 10,000 hivi, yaani baa 0.1. Kitako kikiwa mita 3 juu ya bomba la mvua, una baa 0.3. Kama una hita ya papo kwa papo au mashine ya kufulia, soma kwanza kibandiko chake: presha ya chini inayohitaji huwa imeandikwa pale.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya uzito

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 2,000 likijaa ni kilo 2,000, na kani inayosukuma chini ni Nyutoni 20,000 hivi (kila kilo ni kama Nyutoni 10), bila kuhesabu chuma cha mnara. Ukiwa na miguu minne, kila mguu unabeba Nyutoni 5,000.

Hapa ndipo minara mingi inapoanza kuinama. Presha ni kani ukiigawa kwa eneo inaloangukia. Mguu wenye bapa la sentimita 5 kwa 5 una eneo la mita za mraba 0.0025, kwa hiyo udongo unabanwa kwa Paskali 2,000,000. Mguu utazama kama kisigino cha kiatu kirefu kwenye matope. Sasa simamisha mguu huohuo juu ya zege la sentimita 60 kwa 60, unene 30. Zege lenyewe linaongeza Nyutoni 2,600 hivi, lakini eneo sasa ni 0.36, na presha inashuka hadi Paskali 21,000 tu. Uzito umeongezeka, udongo umepumzika. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, hesabu hii haitoshi, mwite mhandisi.

Lifunge tangi pia. Likiwa tupu ni jepesi, na upepo hausubiri lijae.

Hatua ya 3: Jaribu kwa mpira wa levo

Chukua mpira ule mweupe unaopitisha mwanga, tunaotumia kupima levo ya ukuta. Uunge kwenye koki ya bafuni, fungua koki, kisha inua ncha ya pili hadi juu, ikae wazi. Maji yatapanda mpirani na kusimama usawa wa maji ya tangini.

Sasa mtu afungue koki nyingine ya jirani, kwenye laini hiyohiyo. Utaona maji ya mpirani yanashuka. Yakishuka mita moja, baa 0.1 imeliwa na msuguano wa bomba na elbo njiani. Yakishuka sana, usiguse mnara. Badilisha bomba linaloteremka kutoka tangini liwe la inchi moja, halafu upunguze hadi nusu inchi karibu na koki.

Hatua ya 4: Angalia hewa

Mfuniko usizibe kabisa. Maji yakitoka bila hewa kuingia, hewa ya nje inalibana tangi na mtiririko unafifia. Tundu dogo lenye wavu wa kuzuia mbu linatosha.

Ikiwa baada ya haya yote bado presha ni ndogo na huwezi kuinua tangi, nunua pampu ya kuongeza presha. Ifunge chini, kwenye bomba linaloshuka, ili maji yaifikie yenyewe.