Kutengeneza Printa ya Leza ya Ofisini Ukiwa Nyumbani: Isome Karatasi Kabla ya Kushika Bisibisi

Printa kubwa ya leza hutupwa mara nyingi kwa sababu ya kipuri kimoja kilichochakaa, ilhali mota, fremu na bodi zake bado ni nzima. Katika kazi yangu ya ufundi, hasara ninayoiona zaidi ni ya watu kununua vipuri visivyohitajika, wakianza na katriji mpya hata pale ambapo ya zamani haina kosa. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye kuutambua ubovu kuliko kwenye kufungua skrubu.

Hatua ya kwanza: Zima printa, chomoa plagi, kisha iache ipoe kwa angalau nusu saa, kwa kuwa kitengo cha joto, yaani sehemu inayoyeyusha wino wa unga, hufikia joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Usilifungue sanduku la leza, maana mwale wake kwa kawaida hauonekani na unaweza kuliumiza jicho bila wewe kuhisi. Kasha la bodi ya umeme nalo liache, kwani kapasita huhifadhi chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Ubovu wa huko ni wa fundi wa vifaa vya elektroniki.

Hatua ya pili: Irudishe kwenye umeme na uchapishe ukurasa wa majaribio kwa kutumia vitufe vya printa yenyewe, bila kompyuta. Ukurasa huo ukitoka safi, printa haina ugonjwa. Tafuta kosa kwenye waya, mtandao au programu endeshi.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha kazi yote: isome karatasi. Ikiwa karatasi haiingii kutoka kwenye trei, rola ya kuvutia karatasi imejaa vumbi au mpira wake umekuwa wa kuteleza na kung'aa. Ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa maji kidogo, na ikiwa hali haibadiliki, nunua nyingine. Zikiingia karatasi mbili kwa pamoja, kagua pedi ya kutenganishia. Maandishi yanayofutika kwa kidole yanaonyesha kwamba wino haukuyeyuka vizuri, ama kwa sababu kitengo cha joto kimechoka, ama kwa sababu umechagua aina ya karatasi isiyolingana na ile iliyomo. Ukurasa mweusi wote kwa kawaida hutokana na ngoma (silinda inayobeba picha ya wino kabla ya kuhamia kwenye karatasi) kutopata chaji, na katika printa nyingi rola ya kuchaji imo ndani ya katriji.

Doa linalojirudia kwa umbali ulio sawa linastahili rula. Pima kutoka doa moja hadi linalofuata, kwa sababu umbali huo ni mzingo wa rola yenye kasoro: ngoma yenye kipenyo cha milimita 30 huacha doa kila baada ya milimita 94 hivi, na ya milimita 24 kila baada ya milimita 75 hivi. Linganisha kipimo chako na jedwali lililomo katika kitabu cha ufundi cha modeli yako, nawe utakijua kipuri kwa jina lake. Napenda sana kipimo hiki, kwa kuwa hakigharimu chochote na hukomesha ubishi.

Ikiwa bado una shaka, anza kuchapisha na ufungue mlango karatasi ikiwa katikati ya safari, kisha uchomoe plagi. Picha ikionekana kamili kwenye ngoma lakini haipo kwenye sehemu ya karatasi iliyokwisha kupita chini yake, kosa liko kwenye rola ya kuhamishia wino au mguso wake wa umeme. Ikiwa iko safi kwenye karatasi kabla ya kitengo cha joto na huharibika baada ya hapo, kitengo hicho ndicho kibovu. Ukiitoa katriji, ifunike kwa kitambaa cheusi, kwani mwanga huidhuru ngoma. Wala usiiguse ngoma wala rola ya kuhamishia, kwa sababu mafuta ya vidole huacha alama.

Hatua ya nne: Zima, chomoa plagi na iache ipoe tena kama katika hatua ya kwanza, kisha badilisha kipuri. Piga picha kabla ya kutoa kila waya, na ushike kiunganishi badala ya kuvuta waya wenyewe. Karatasi iliyokwama ivute kuelekea upande inakosafiri, polepole, wala usikwangue kitengo cha joto kwa kitu chenye ncha, kwani utando wake ukichanika hautengenezeki. Wino ukimwagika, ufute kwa kitambaa kikavu kisha maji baridi, kwa sababu maji ya moto huugandisha kwenye nguo na ngozi. Mashine ya kawaida ya kufyonzea vumbi isitumike, kwa kuwa unga huo ni laini kiasi cha kupenya chujio na unaweza kuwashwa na cheche za mota.

Hatua ya tano: Baadhi ya modeli huendelea kudai matengenezo mpaka kihesabio cha kurasa kirudishwe sifuri kwenye menyu. Ukishafanya hivyo, chapisha kurasa kadhaa mfululizo, pande zote mbili, huku ukisikiliza. Mlio wa kusaga maana yake gia haijakaa mahali pake. Zima mara moja, subiri ipoe, kisha kifungue tena kile kipuri ulichokifunga mwisho.