Somo: Kuchapa leso ya selimundu

Mpwa wangu ana selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda seli nyekundu za damu kama mundu. Siku niliyochungulia damu yake kwenye hadubini, zile seli zilizopinda zilinikumbusha korosho, yale mapambo yaliyopinda ya leso zinazotundikwa Biashara Street, Mombasa. Tangu hapo nachapa leso za kuuza, na faida yote huenda kwenye dawa na nauli za kliniki za watoto wenzake.

Hatua ya 1. Omba picha ya slaidi, kwa idhini ya mzazi na ya maabara. Futa jina, namba na tarehe. Mtoto asije akatambuliwa sokoni kwa damu yake.

Hatua ya 2. Tazama sana kabla ya kushika penseli. Seli nzima ni duara lililobonyea katikati, upana wake kama maikromita 7 au 8, na huishi siku 120 hivi. Ile iliyopinda ni nyembamba, ina ncha mbili, na huishi siku 10 hadi 20 tu. Tena ni ngumu: ikifika kwenye mshipa mwembamba hunasa, damu ikazuilika, mtoto akalia kwa maumivu ya mifupa. Kwa hiyo usizitawanye ovyo kama maua. Mimi huchora mfereji unaozidi kuwa mwembamba, maduara yakipita kwa raha, kisha mundu zinasongamana penye shingo. Mama mmoja wa Likoni alipouona mchoro alinyamaza, akaweka kidole pale pale.

Hatua ya 3. Kata kiolezo. Filamu kuukuu ya eksirei inashinda karatasi, kwani hailowi wala haichaniki. Anza kwa kukata pembe yenye jina la mgonjwa, uiteketeze.

Hatua ya 4. Fua kitambaa cha pamba kitoke wanga. Mfereji ukae mjini, yaani katikati ya leso, korosho za pembeni zigeuke mundu, pindo liwe la maduara. Gongagonga rangi kwa sponji, usisugue. Ikauke siku nzima, kisha piga pasi upande wa nyuma.

Hatua ya 5. Jina, yaani msemo unaoandikwa kwenye leso. Tulikataa "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo", maana mama wa mgonjwa ataisoma kama lawama. Tukaandika MZIGO WA MWENZIO NI KANDA LA USUFI. Maumivu haya hayaonekani, na wengi hudhani mtoto anadeka.

MASWALI

Mama wa Majengo: Dadangu, mawifi wanasema ugonjwa nimeuleta mimi. Ni kweli?
Jibu: Si kweli, dada. Mtoto hurithi kwa baba na mama pia. Wote wawili wakiwa wabebaji, yaani wana asili ya ugonjwa bila kuugua, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Wapeleke wakapimwe nao.

Kijana wa Kongowea: Mbona Pwani wako wengi?
Jibu: Mdogo wangu, mbebaji ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Hapa kwetu malaria ilikaa karne nyingi, na wabebaji wakaishi wakazaa.

Shangazi wa Tudor: Mwanangu, rangi ya leso yangu imebanduka baada ya kufuliwa.
Jibu: Shikamoo shangazi. Bila shaka wanga haukutoka, au pasi haikupata moto wa kutosha. Niletee Jumamosi tuichape upya, na uje na mjukuu, achague rangi mwenyewe.