Jinsi ya kuomba hela ya Mfuko wa Jimbo kumalizia darasa au kupata madawati

Walimu wakuu na wajumbe wa kamati za shule wengi wanaulizia hii kitu: boma la darasa limeishia kwenye lenta, wazazi wamechoka kuchanga, Mfuko wa Jimbo tunauombaje? Na wengi wanachofanya ni kuandika barua moja ndefu kwa mbunge, wanamkabidhi siku ya ziara, alafu wanakaa kusubiri. Barua ya hivyo mara nyingi inaishia kwenye gari. Mfuko wa Jimbo, jina kamili Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, upo kisheria hapa Tanzania, Sheria Na. 16 ya mwaka 2009, hela yake inapitia halmashauri, na kuna kamati inayokaa kuamua, mwenyekiti ni mbunge kweli lakini katibu ni afisa mipango, na ndani kuna madiwani na watendaji wa kata. Kwa hiyo karatasi zako zinatakiwa ziwaridhishe wote hao.

Kabla ya yote amueni mnaomba nini. Hela ya jimbo ukiigawanya kwa kata zote inabaki kidogo sana, sasa wewe ukienda na madarasa matatu, ofisi ya walimu na uzio juu yake, mtu anasoma ukurasa wa kwanza anaweka pembeni. Ombeni kitu kinachomalizika: bati na mbao za kuezeka boma lililopo, saruji ya sakafu na plasta, madawati ya darasa moja, matundu ya choo. Mimi ningeshauri kumalizia kuliko kuanza msingi mpya, maboma yaliyoota nyasi tunayo ya kutosha nchi hii.

Alafu kaeni kikao cha kamati ya shule na muandike muhtasari wa kueleweka, wenye tarehe, mahudhurio, sahihi na makubaliano, sio mistari minne kwenye daftari. Wekeni takwimu humo humo. Kiwango cha shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa chumba, choo ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Andikeni mna watoto wangapi, vyumba vingapi, matundu mangapi, madawati mazima mangapi, mjumbe apige hesabu mwenyewe, hamna haja ya kulia lia kwenye barua.

Sasa mkutano wa kijiji (mjini ni wa mtaa), na hapa ndo maombi mengi yanafia. Mradi unatakiwa uibuliwe na wananchi, yaani wakae, waukubali, na iandikwe wao wanachangia nini, mawe, mchanga, kokoto, tofali, maji, kuchimba, chochote walichonacho, na muhimu zaidi kiwe kimeshaanza kuonekana site kabla hujaomba. Kamati ikisikia wananchi wameshapandisha kuta wenyewe na kilichobaki ni paa, hata mjumbe mbishi anapata shida kukataa. Hizo nguvu za wananchi zipigieni thamani kwa shilingi, injinia wa halmashauri anaweza kuwasaidia, maana trip tano za mchanga zikiandikwa "mchanga" tu hazionekani kwenye hesabu. Ila mwalimu usishike hela za michango, waachie serikali ya kijiji wakusanye, na asirudishwe mtoto nyumbani kisa mzazi hajatoa, tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 hilo ni kosa litakalokufuata wewe, sio mwenyekiti wa kijiji.

Muhtasari wa kijiji unapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, WDC, diwani ndo mwenyekiti na mtendaji wa kata ni katibu. Hapo unashindana na zahanati, kivuko, na shule nyingine za kata hiyo hiyo. Mpe afisa elimu kata nakala mapema aingie kikaoni anajua anachotetea, na muongee na diwani kabla ya kikao, hiyo sio rushwa jamani, ni kumueleza tu.

Kuhusu gharama, msikopi BOQ (orodha ya vifaa vya ujenzi na gharama zake) ya shule jirani. Bei ya bati inabadilika, boma lenu lina vipimo vyake, na injinia akija kukagua akakuta namba haziendani na jengo, faili zima linatiliwa mashaka. Madawati ni rahisi, chukueni profoma (karatasi ya bei) kwa mafundi zaidi ya mmoja.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja: kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, K.K. (kupitia kwa) mtendaji wa kata, YAH: maombi ya kitu gani na kiasi gani, nakala kwa ofisi ya mbunge. Ambatisha mihtasari yote mitatu, BOQ, takwimu, picha za boma na namba ya akaunti ya shule, sio ya mtu. Toa fotokopi ya kila kitu, na kwenye nakala yako wagonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, maana kuambiwa "hatujaiona" ni kawaida. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai lakini hela haiji kwa kalenda yako, faili liwe tayari muda wote.

Mkipata, mara nyingi mtaletewa vifaa, kwa mfano saruji au bati, badala ya pesa. Kamati ya mapokezi ihesabu mbele ya watu na isaini, sio store keeper peke yake usiku. Ikija pesa, manunuzi yafuate utaratibu ambao halmashauri itawaelekeza, tunzeni risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi), pigeni picha kabla na baada, alafu pelekeni taarifa kwa afisa mipango bila kusubiri kudaiwa.

Mkikosa, nenda kwa huyo huyo afisa mipango uulize mmekwama wapi. Kama ni kipaumbele cha kata, mnarudi WDC ijayo na muhtasari mpya, kama ni BOQ mnarekebisha bei tu, mkutano wa kijiji hamna haja ya kuurudia.